Ndimu haiui mnyoo

Msikilizaji, mpasue nguru pale Malindi anaposhushwa mashuani, umfunue matumbo: pengine utakuta kinyoo cheupe kimejikunja juu ya ini. Huenda ni Anisakis, ambaye hukomaa tumboni mwa nyangumi na pomboo. Samaki ni njia yake tu.

Apikaye nyumbani asimhofu mnyoo huyu. Nyuzijoto 60 mpaka katikati ya mnofu humuua, na samaki wetu wa kupaka hupita hapo. Wasiwasi wangu ni samaki mbichi wa mahotelini, anayetiwa ndimu na mafuta ya zeituni. Ndimu haimuui mnyoo huyu, wala siki. Samaki huyo agandishwe kwanza, nyuzi 20 chini ya sifuri, siku 7. Na matumbo yatolewe mapema, kwani samaki akishakufa minyoo huweza kuhamia mnofuni.

Wafugaji wa mwatiko mabwawani Kilifi wana adui mwingine wa kumchunga: chawa wa bahari, anayeng'ang'ania ngozi na kuenea haraka samaki wakibanana. Hata wafugaji wa samaki wa Norway, kwa utajiri wa nchi yao wote, bado wanapambana na chawa wa aina hii. Maafisa wa uvuvi wawafikie wafugaji hawa sasa, kabla mabwawa hayajaongezwa.