Matokeo ya Mwanafunzi ni Amana



Tunataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo wengi wetu hapa Songea hulidhania kuwa dogo: ni nani anayestahili kuzijua alama za mwanafunzi wa chuo? Tumezoea matokeo kubandikwa ubaoni na kila apitaye kuyasoma. Siku hizi ubao umehamia kwenye simu. Orodha ya darasa zima hutumwa katika kundi la WhatsApp, na kabla jua halijatua imekwisha fika Mbinga, Namtumbo na Tunduru. Kijana aliyeshindwa somo moja husemwa kijijini kuwa "amedisko", wakati bado ana nafasi ya kurudia mtihani.

Wapo wasemao kuwa orodha hizo hazina majina, zina namba za usajili tu. Lakini namba hiyo imeandikwa kwenye kitambulisho na kwenye karatasi ya mahudhurio, na wenzake wanaijua. Namba inayojulikana na darasa zima ni jina la pili.

Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, katika ibara ya 16, inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa na kupata hifadhi ya maisha yake binafsi. Mwaka 2022 Bunge lilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume ya kuisimamia ikazinduliwa Aprili 2024. Historia ya elimu ya mtu ni miongoni mwa taarifa zinazolindwa. Sheria inataka taarifa zikusanywe kwa kusudi lililo wazi, zisitumiwe kinyume cha kusudi hilo, na mwenyewe awe na haki ya kuziona na kudai zisahihishwe zinapokosewa. Kwa jirani zetu wa Kenya, ambao sheria yao ni ya mwaka 2019, shule moja ilitozwa faini ya zaidi ya shilingi milioni nne za Kenya mwaka 2023 kwa kutangaza picha za watoto bila idhini ya wazazi. Ikiwa picha ina uzito huo, alama je?

Kwa hiyo matokeo ni mali ya mwanafunzi, na chuo kimewekewa amana. Mwenye amana haigawi kwa kila aombaye. Mhadhiri, mkuu wa idara na msajili wanayahitaji kwa kazi yao. Bodi ya Mikopo inahitaji kujua kama mwanafunzi anaendelea na masomo. Mpangishaji wa chumba, mchumba na jirani hawana kazi nayo.

Lakini kutunza amana ni zaidi ya kuifungia kabatini. Watu wa Songea tunakumbuka Februari 2016, Tume ya Vyuo Vikuu ilipofuta kibali cha kampasi ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yosefu mjini hapa, na wanafunzi wakahamishiwa vyuo vingine. Kwa mwanafunzi anayehama namna hiyo, kumbukumbu zilizo kamili ndizo ushahidi pekee wa miaka aliyokwisha soma. Zikipotea au zikichafuliwa, amepotezewa sehemu ya maisha yake.

Tunajua mzazi atauliza: "Nimeuza mahindi na kahawa ili kulipa ada, nami nisijue?" Swali hilo ni la haki, na jibu lake linapatikana nyumbani. Mwulize mwanao, naye akueleze kwa heshima. Kijana mwenye miaka 20 ni mtu mzima mbele ya sheria. Akikupa mwenyewe karatasi yake, umepata matokeo pamoja na imani yake. Ukiyapata kwa mlango wa nyuma, imani hiyo huenda usiipate tena.

Tena tuseme wazi: siri ya matokeo isigeuzwe pazia la uovu. Mhadhiri anayemdai binti rushwa ya ngono ili ampe alama anatenda kosa chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Yeye hupenda sana giza. Mwanafunzi lazima aweze kuuona mtihani wake uliosahihishwa, kuomba usahihishwe upya, na kushitaki bila kuogopa. Siri ipo kwa ajili ya kumlinda mwanafunzi. Asiyeruhusiwa kamwe kujificha nyuma yake ni mwenye mamlaka.

Basi tunapendekeza haya. Vyuo viache kubandika na kusambaza orodha. Kila mwanafunzi aone yaliyo yake peke yake. Viongozi wa madarasa wakatae kutumwa kuzigawa. Wanafunzi wasipige picha matokeo ya wenzao, wala wasimpe mtu neno lao la siri. Aliyeonewa aandike malalamiko kwa msajili, na asiposikilizwa aende kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Nasi sote, orodha ikitufikia kwenye simu, tuifute bila kuipitisha kwa mwingine.

Aibu ya kijana mmoja haimnufaishi yeyote kijijini. Tumwachie nafasi ya kusimama tena.