Bima ya Matibabu kwa Waendao Kazini Ng'ambo

(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi)



Mtoto wa mwanachama apatapo kazi Riyadh au Dubai, au nafasi ya masomo Uingereza, jamaa huuliza mshahara ni kiasi gani na safari ni lini. Ni wachache waulizao swali la tatu: akiugua huko, nani atalipa? Swali hilo lisipoulizwa mapema, huja kuulizwa siku ambayo mgonjwa amekwisha kulazwa, na jibu lake huwa ni mavuno ya msimu mzima, ng'ombe, au kipande cha shamba.

Bima ya matibabu si jambo geni kwa wanaushirika. Msingi wake ni uleule wa chama: wengi huchanga wangali wazima ili mmoja asaidiwe akiwa hoi. Nchini Ujerumani, sheria ya mwaka 1883 iliwataka wafanyakazi wachange theluthi mbili na waajiri theluthi moja katika mifuko ya wagonjwa. Nchi na nchi hutofautiana katika mambo mawili: nani anayechanga, na fungu hilo linamfikia nani. Hapo ndipo msafiri anapopaswa kuwa macho.

Saudi Arabia ilitunga mwaka 1999 sheria iitwayo Sheria ya Bima ya Afya ya Ushirika. Sheria hiyo humtaka mwajiri amkatie bima mfanyakazi wa kigeni kwa gharama ya mwajiri mwenyewe. Lakini watumishi wa nyumbani waliwekewa kanuni ya peke yao: tangu Julai 2024, mwajiri mwenye watumishi zaidi ya wanne hulazimika kuwakatia bima. Msichana aliye mtumishi wa pekee katika nyumba hamo katika sharti hilo. Yampasa aione bima yake imeandikwa katika mkataba kabla hajatia sahihi.

Katika Falme za Kiarabu, Abu Dhabi ilitunga sheria ya bima mwaka 2005, na Dubai mwaka 2013. Tangu Januari 1, 2025, sharti hilo limeenea katika falme zote saba, nalo huwahusu wafanyakazi wa kampuni binafsi pamoja na watumishi wa nyumbani. Bima ya msingi kwa falme za kaskazini iliwekwa kuwa dirham 320 kwa mwaka, ambazo hulipwa na mwajiri. Hata hivyo, mgonjwa anayelazwa huchangia asilimia 20 ya gharama, isiyozidi dirham 500 kwa kila mara. Mwenye kadi naye hana budi kuwa na akiba.

Uingereza ina utaratibu mwingine. Tangu mwaka 2015, waombaji wengi wa viza ya muda mrefu hutozwa ada ya afya, nayo hulipwa kabla ya safari kwa miaka yote ya viza. Mwezi Februari 2024 ada hiyo ilipandishwa kuwa pauni 1,035 kwa mwaka kwa mtu mzima, na pauni 776 kwa mwanafunzi. Kwa viza ya miaka 3, hizo ni pauni 2,328. Mzazi anayehesabu karo na nauli peke yake atakwama mlangoni.

Yako mambo manne ambayo huwapotosha wengi.

Kwanza, cheti cha kupimwa afya si bima. Nchi za Ghuba hutaka msafiri apimwe kabla ya kuondoka. Cheti hicho huonyesha tu kwamba anafaa kwa kazi.

Pili, ugonjwa wa kudumu kama vile kisukari au shinikizo la damu usifichwe katika fomu. Ukigunduliwa baadaye, kampuni ya bima yaweza kukataa kulipa.

Tatu, bima ya mwajiri imefungamana na kazi na kibali cha ukaazi. Anayeiacha kazi kiholela huiacha na kadi yake. Wala kadi hiyo haimtibu mama aliyebaki kijijini.

Nne, kutibiwa ni jambo moja, kurudishwa nyumbani ni jingine. Marekani huwataka wageni wa mpango wa kubadilishana elimu wawe na bima yenye mafungu matatu: angalau dola 100,000 kwa kila ajali au ugonjwa, dola 50,000 za kumrudisha mgonjwa kwao, na dola 25,000 za kurudisha maiti. Bima isiyotaja mafungu mawili ya mwisho huiachia familia mzigo huo.

Katibu wa chama si wakili wala wakala wa ajira. Lakini anajua kusoma mkataba na kutunza jalada. Mwanachama akileta habari ya safari ya mtoto wake, katibu na akae naye, wausome mkataba mstari kwa mstari, watafute penye jina la mlipaji wa bima, magonjwa yasiyolipiwa, na anayegharimia kurudi. Nakala ya mkataba, ya kadi na ya pasipoti ibaki nyumbani, pamoja na anwani ya mwajiri na ya ubalozi.

Wahenga walisema, tahadhari kabla ya hatari. Saa moja mezani kwa katibu yaweza kuliokoa shamba lililochukua miaka thelathini kupandwa.