Maji Ndani ya Mafuta, Mafuta Ndani ya Maji

Msikilizaji, tuanze na mayonezi: matone ya mafuta ndani ya maji. Watafiti sasa huficha maji ndani ya kila tone la mafuta, ili mlaji apate ladha ileile kwa mafuta machache. Shida ni kwamba mchanganyiko huu wa tabaka mbili huharibika upesi.

Hapa ndipo zinapoingia chembe ndogo mno, mfano za silika. Hung'ang'ania ukingo wa tone, matone yasiungane. Mwingereza Pickering alilieleza jambo hilo mwaka 1907, na kwa anayelazimika kupunguza mafuta ni habari njema kwelikweli.

Lakini, kwa upande wa pili, zinatakiwa chembe za aina mbili: zinazopenda mafuta kwa ndani, zinazopenda maji kwa nje. Kazi huongezeka. Je, mnunuzi wa kawaida ataimudu bei ya mayonezi ya namna hii?