Simu Yako Mpakani: Nani Ana Haki ya Kuifungua?

Haya ndiyo niliyosema kwenye mazungumzo yetu ya jana usiku, nimeyaweka hapa kwa waliokosa. Kanuni ni ile ile: hakuna kutaja mwanasiasa, hakuna kutaja chama. Tunajadili hoja.

1. Kila tukigusia usalama wa taifa, lazima mtu aandike: "Kama huna cha kuficha, unaogopa nini?" Inasikika tamu. Lakini hebu fikiria kilichomo kwenye simu yako. Kuna meseji za M-Pesa: nani alikutumia pesa, lini, ngapi. Kuna grupu ya familia na grupu ya chama cha akina mama. Kuna majibu ya hospitali ya mzazi wako na picha za watoto wa dada yako. Mwanahabari ana majina ya watu waliomwamini. Wakili ana siri za wateja. Kwa hivyo ukisema "sina cha kuficha", unajibia watu mia mbili ambao hujawauliza.

2. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha. Asipekuliwe ovyo, mali yake isichukuliwe ovyo, habari za familia yake zisitakwe bila sababu, mawasiliano yake yasiingiliwe. Imesema "kila mtu", si raia peke yake. Kifungu cha 24 kinakubali haki hiyo ipunguzwe, lakini kwa sheria, na kwa kiasi kinachofaa.

3. Sasa njoo mpakani. Sheria ya forodha tunayotumia pamoja na majirani wa Afrika Mashariki ni ya 2004. Inampa afisa nguvu za kupekua mizigo yako, na akikushuku, hata mwili wako. Mwaka huo M-Pesa haikuwa imezaliwa, ilikuja 2007. Waliotunga sheria walikuwa wanafikiria sanduku na gunia. Hawakufikiria kifaa kinachobeba miaka kumi ya maisha yako mfukoni. Hapo ndipo mjadala wetu unapaswa kuwa.

4. Na tumeshaonja. Mwishoni mwa 2024 serikali ilitangaza kwamba kuanzia Januari 1, 2025, anayeingia nchini atangaze nambari ya IMEI ya simu yake. Ni zile tarakimu 15 zinazotokea ukibonyeza *#06#. Sababu iliyotolewa ilikuwa kuzuia simu zisizolipiwa ushuru. Hofu ya waliopinga ilikuwa hii: nambari hiyo haibadiliki ukibadilisha laini, kwa hivyo ikiunganishwa na jina lako, inaweza kukufuatilia. Kesi ikaenda Mahakama Kuu, agizo likasimamishwa, na Julai 2025 mahakama ikasema linakiuka Katiba. Kumbuka, hiyo ilikuwa nambari tu. Hakuna meseji iliyokuwa imefunguliwa.

5. Wengine wetu tunasafiri mbali zaidi. Marekani, Mahakama ya Juu ilisema mwaka wa 2014 kwamba polisi wanahitaji kibali cha mahakama kupekua simu ya mtu waliyemkamata. Mpakani mambo ni tofauti. Maelekezo ya forodha yao yanamruhusu afisa kuipitia simu kwa mkono bila kukushuku kwa lolote. Akitaka kuichomeka kwenye mashine na kunakili data, basi awe na shaka yenye msingi au suala la usalama wa taifa. Anatakiwa aishie kwa kilichomo ndani ya simu, si kilicho mtandaoni. Raia wao akikataa kutoa nambari ya siri hawezi kuzuiwa kuingia kwao, ila simu inaweza kubaki. Wewe wa viza unaweza kurudishwa nyumbani. Wanaopekuliwa ni wachache, karibu asilimia 0.01 ya wanaoingia. Lakini ukiwa wewe, asilimia haikusaidii.

Uingereza ni kali zaidi. Sheria ya ugaidi ya 2000 inaruhusu polisi wa mpakani kukusimamisha bila shaka yoyote, hadi saa sita, na kukataa kutoa nambari ya siri ni kosa la jinai. New Zealand faini yake inafika dola zao 5,000.

6. Tuwe wa haki, upande wa pili una hoja. Walanguzi wa watu hupanga safari kwa simu. Picha za unyanyasaji wa watoto husafirishwa kwa simu. Hakuna anayesema mpaka uwe wazi. Swali ni: afisa aamue peke yake pale dirishani, au awe na sababu anayoweza kuiandika na mtu mwingine akaikagua?

7. Ukiwa na safari, tahadhari kabla ya hatari:
– Hifadhi nakala ya data nyumbani, kisha beba kidogo. Kisichokuwepo hakipekuliwi.
– Ukifuta picha, futa pia kwenye folda ya vilivyofutwa. Hukaa huko wiki kadhaa.
– Toka kwenye akaunti za barua pepe na kazi usizozihitaji njiani.
– Weka nambari ya siri ndefu, uzime alama ya kidole na uso. Fika ukiwa umezima simu kabisa. Iliyozimwa ni ngumu zaidi kufungua.
– Usidanganye afisa, na usifute kitu akishaiomba simu. Hapo utajitafutia kesi.
– Ikichukuliwa, omba stakabadhi, andika saa na jina la afisa. Ukirudishiwa, badilisha nywila zote kwa kutumia kifaa kingine.
– Mwanahabari na wakili, sema mapema kwamba una siri za kazi.

8. Kura zinakuja na kwenda, na mtaombwa hizo kura. Yeyote atakayesimama mbele yako, wa upande wowote, muulize matatu. Je, utaunga mkono sheria inayosema wazi ni lini afisa wa mpakani anaweza kufungua simu? Data iliyonakiliwa itafutwa baada ya muda gani, na nani atahakikisha? Na mwananchi aliyeonewa atalalamika wapi, apate jibu kwa siku ngapi?

Akikujibu "kama huna cha kuficha", mwombe kwa heshima akupe simu yake kidogo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Leo bado ni ufa.

Maswali yawekeni hapo chini, nitajibu nikitoka kazini.