Picha ya Mandhari na Amana ya Mpigaji



Sifa zote njema ni za Allah (s.w.t.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu vijana, na nyinyi wazazi wetu, nimeombwa nizungumzie upigaji picha za mandhari, yaani bahari, milima, miti na mbingu. Huenda ukajiuliza mada hii inaingiaje katika Ramadhani. Subiri kidogo, utaona.

Kwanza lile swali la halali na haramu, maana najua lipo. Wanavyuoni wamekhitalifiana juu ya picha za viumbe wenye roho, na juu ya kamera vilevile. Mandhari haina mzozo huo. Imepokewa katika Sahih Bukhari kwamba mchoraji mmoja alimwendea Ibn Abbas (r.a.) akamweleza kuwa uchoraji ndio riziki yake, naye akamwelekeza kwenye miti na vitu visivyo na roho. Basi mpiga picha za mikoko na alale kwa amani.

Tena elimu hii si ngeni kwetu. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra karibu mwaka 965, aliandika Kitab al-Manazir mwanzoni mwa karne ya 11. Alieleza kuwa tunaona kwa sababu mwanga hutoka kwenye vitu ukaja machoni, wala si jicho linalotoa miale. Wengine huandika kuwa yeye ndiye aliyevumbua kamera. La, hakuivumbua, na hana haja ya kuzidishiwa sifa. Picha ya kamera ya kale zaidi iliyobaki ni ya Mfaransa Niépce, ya mwaka 1826 au 1827, nayo ni mandhari: mapaa ya nyumba yaliyoonekana dirishani.

Sasa tuingie kazini. Sisi wa pwani jua letu hupanda na kushuka karibu wima, kwa hiyo mwanga mzuri haukai. Baada ya jua kuzama una takriban dakika 20 tu kabla giza halijakushika. Ndio maana nasema Ramadhani ni mwezi wa mpiga picha: umeshaamka daku, umeshaswali Alfajiri, kwa nini urudi kulala? Nenda ufuoni. Jioni ni mtihani zaidi. Rangi zinawaka wakati uleule wa futari na Maghribi. Ushauri wangu: piga kabla jua halijazama, funga kamera, fungua kwa tende, swali. Ile samawati inayobaki ikikungoja, alhamdulillahi. Isipokungoja, kesho ipo.

Kama kamera yako inaruhusu, hifadhi faili ghafi badala ya JPEG. JPEG inabakisha ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi. Faili ghafi la biti 14 lina ngazi 16,384. Ndiyo tofauti ya kununua samaki mbichi na kununua aliyekwisha kukaangwa. Aliyekaangwa huwezi tena kumpika mchuzi ukapendeza. Halafu uangalie mbingu: mawingu yakishaungua yakawa meupe kabisa, hakuna programu itakayoyarudisha. Afadhali picha iwe na giza kidogo, kivuli utakifungua baadaye.

Zamani studio zetu zilisema "kusafisha picha", na neno hilo linafaa mpaka leo. Kunyoosha upeo wa bahari uliopinda, kurekebisha rangi, kufungua kivuli, kufuta doa la vumbi kwenye lenzi: huko ni kusafisha. Kuhamisha kitu ni jambo jingine. Mwezi Februari 1982 jarida la National Geographic liliweka kwenye jalada piramidi za Giza, Misri, zikiwa zimesogezwa karibu kwa kompyuta ili zienee kwenye ukurasa. Lawama zilifuata kwa miaka. Mnakumbuka kisa cha Mtume (s.a.w.) sokoni, alipotia mkono katika rundo la nafaka akakuta chini kumelowa? Muuzaji alisema ni mvua. Kosa halikuwa mvua, lilikuwa kuuficha unyevu chini.

Na hapa ndipo Ramadhani inapoingia. Kila mwaka usiku wa 29 zinazunguka picha za mwezi mwandamo, watu wanaulizana kama kesho ni Idi, na Kadhi Mkuu bado hajatangaza. Picha ile ni ushahidi juu ya saumu za watu. Jifunze kuipima.

Mwezi una upana wa karibu nusu digrii tu angani; ncha ya kidole kidogo, ukinyoosha mkono, inaufunika wote. Lenzi pana ya milimita 24, kwenye kamera kubwa, hupokea takriban digrii 74. Maana yake mwezi ni sehemu moja kati ya 150 ya upana wa picha, kama punje ya mchele. Ukiona mji mzima na juu yake hilali kubwa kama sinia, imebandikwa. Pili, mwandamo huonekana magharibi. Anayekutumia hilali ya baada ya Maghribi juu ya bahari kuu, eti kaipiga Nyali, muulize bahari imehamia bara lini? Upande huo huonekana hilali kongwe ya mwisho wa mwezi, kabla ya jua kuchomoza. Tatu, kwetu karibu na ikweta hilali changa hulala kama mtumbwi. Ikisimama wima kama ya kwenye bendera, tia shaka.

Unataka mwezi mkubwa pembeni ya mnara kwa haki? Inawezekana. Mnara wa mita 20 hulingana na mwezi ukisimama mbali kama kilomita 2 na robo, mashariki yake, na lenzi ndefu ya milimita 600 juu ya stendi ya miguu mitatu. Ungoje hilali ishuke mpaka karibu na upeo. Ya siku ya pili au ya tatu ni rahisi kuliko ya kwanza. Ukiituma, andika tarehe, saa na mahali uliposimama.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaikum warahmatullahi wabarakaatuh.