Tairi Lililoliwa Upande wa Ndani

Maneno ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika kwa makatibu, watunza ghala na wajumbe wa bodi waliokutana Puge



Nimepewa nafasi hii nizungumze juu ya utunzaji wa mali ya chama, na bila shaka mlitazamia nianze na mizani, au magunia, au madaftari ya stakabadhi ambayo kila mwaka hunirudisha katika ofisi zenu. Hayo tutayakuta siku nyingine. Leo nitazungumza juu ya matairi ya gari, kwa sababu katika vyama vyenye magari fungu la matairi huzua maneno mengi mno, likitanguliwa na fungu la mafuta peke yake, na maneno hayo mara nyingi huishia kwa katibu kuitwa mwizi.

Chama kimoja, ambacho sina haja ya kukitaja, kilinunua gari dogo lililokwisha kutumika, ili katibu na mhasibu wapate kwenda benki na kufuata mbegu na dawa za pamba. Bodi ilivutiwa na gari hilo kwa kuwa lilikuwa safi, rangi yake inang'aa, tena limekaa chini kuliko magari mengine ya namna yake, jambo ambalo mjumbe mmoja kijana alilisifu kuwa ndiyo fasheni. Hapakuwa na fundi aliyeingia chini ya gari kabla ya fedha kutoka. Mwaka haujaisha, hati za malipo zikaonyesha kwamba zimenunuliwa jozi tatu za matairi ya mbele. Katika mkutano mkuu wanachama wakauliza swali ambalo hata mimi ningaliuliza: gari lisilochukua mizigo mizito, linalokwenda Nzega na Tabora kwa barabara ya lami, linakulaje matairi sita? Wakajijibu wenyewe kwamba katibu huyauza mapya mjini na kurudi na makuukuu. Barua ya kumtaka ajieleze ikaandikwa, na ile ya kumsimamisha kazi ikawa mezani inangoja sahihi.

Katibu alijitetea kwamba matairi yalikuwa yamekwisha kabisa. Lakini wajumbe wawili walikuwa wameliona gari kwa macho yao kabla ya ununuzi wa mwisho, wakaona matairi yenye mifereji mizuri, na wakalisema hilo mbele ya mkutano. Nao walisema kweli. Mtu aliyesimama kando ya gari huona ubavu wa tairi na ukingo wa nje tu. Ukingo wa ndani, ule unaotazama chasisi, hauonekani mpaka uiname, au ugeuze usukani hadi mwisho, au ulifungue gurudumu. Matairi yale yalikuwa mazima kwa nje, na kwa ndani yalikuwa vipara, mengine hata nyuzi zake zimetokeza.

Bahati njema mtunza ghala hakuwa ameyatupa yaliyofunguliwa. Tuliyapanga uani yote sita: jozi iliyokuja na gari na jozi mbili za kwanza zilizonunuliwa. Jozi ya tatu ilikuwa bado garini. Yote sita yalikuwa yameliwa ukingo mmoja, na ukingo wa pili una mifereji yake. Sasa fikirini, ndugu zangu. Tairi kuukuu la kuokota mjini huja na alama za gari lilikotoka. Moja limeliwa katikati, jingine pembeni pande zote mbili, jingine limekauka na kupasuka ubavuni. Mtu anayebadilisha matairi ili aibe atapata wapi sita yaliyoliwa namna moja? Tena jozi iliyokuwa garini, ambayo umri wake ulikuwa miezi michache, ilikuwa imekwisha kuanza kuliwa pale pale. Mlaji alikuwa gari lenyewe. Fundi alipoingia chini alikuta springi za mbele zimekatwa kwa moto, zaidi ya mzunguko mmoja kila upande. Mwenye gari wa kwanza alitaka likae chini, na chama kikanunua pambo hilo bila kujua bei yake.

Hapana budi nieleze kwa nini, maana katibu asiyejua sababu hawezi kuitetea hati yake ya malipo. Gurudumu la mbele limeshikwa na mikono ya chuma inayopanda na kushuka pamoja na springi. Mtengenezaji amepima mikono hiyo kwa kimo fulani cha gari. Ukilishusha gari, mikono hubadili pembe zake, na mambo mawili hutokea. Kwanza, katika magari mengi vichwa vya magurudumu huinama kwa ndani, hata ukilitazama gari kutoka mbele magurudumu husimama kama mtu aliyetanua miguu. Uzito unauelemea ukingo wa ndani, na ukingo huo huisha mapema. Pili, na hili ndilo baya zaidi, zile fimbo za usukani zinazoyashika magurudumu nazo hubadili pembe, zikayasukuma au kuyavuta, hata magurudumu yakaacha kutazama mbele sawasawa. Huwa kama mtu anayetembea vidole vya miguu vikitazama nje, au vikitazama ndani, kwa kadiri gari lilivyoundwa. Vikitazama nje, mguu wa ndani wa tairi huumia. Kuinama peke yake hulila tairi polepole. Kuinama pamoja na kutazama nje hulimaliza upesi sana.

Tufanye hesabu ndogo. Chukueni tairi lenye upana wa duara wa milimita 600 hivi. Mkipima nafasi iliyopo kati ya matairi mawili ya mbele, kwanza kwa mbele na kisha kwa nyuma, kwa kimo cha ekseli, mkakuta tofauti ya milimita 6, nani ataijali? Ni unene wa penseli, hata pungufu. Lakini tofauti hiyo ina maana kwamba kila gurudumu linapokwenda mita 1,000 mbele, linaburutwa karibu mita 5 kando. Kutoka hapa Puge hadi Tabora ni zaidi ya kilometa 50. Basi kwenda tu, bila kurudi, kila tairi la mbele limesuguliwa kando kwa lami mita 250 na zaidi. Zidisheni wenyewe kwa safari za benki za mwaka mzima.

Wakati wa barabara ya vumbi tulilaumu mawe na makorongo, na mwendo wenyewe ulikuwa wa kobe. Sasa lami imeunganisha Nzega, Puge na Tabora, na madereva wanakwenda kasi. Tairi ambalo nyuzi zake zimetokeza kwa ndani, katika joto la saa nane mchana, na ndani ya gari yumo mhasibu na fedha za malipo ya wakulima, ni jambo ambalo sipendi kulifikiri. Yule katibu alikuwa akiidhinishiwa matairi kwa manung'uniko. Angekatazwa kabisa, tungekuwa tunazungumza habari nyingine leo.

Chama kile kiliponunua matairi mapya mara tatu hakikutibu ugonjwa. Kwanza zinarudishwa springi za kimo cha asili, zote mbili kwa pamoja, kwani springi iliyokatwa kwa moto imepoteza ugumu wake na hairekebishiki. Kisha zinakaguliwa bushi, viungo vya fimbo za usukani na shokapu. Gari lililoshushwa hugonga vizuizi vyake kila mara, na shokapu hufa mapema. Baada ya hayo ndipo gari linapelekwa kwenye mashine ya kunyosha magurudumu, ile wanayoiita alaimenti. Anayeanza na alaimenti huku bushi zimelegea anatupa fedha za wanachama, maana vipimo vitahama kabla hajafika nyumbani. Matairi mapya ni ya mwisho. Nimeona vyama vingi mno vinavyoanza na matairi.

Najua kuna wanaosema moyoni kwamba hapa kwetu watu hawashushi magari, huyanyanyua ili yapite makorongoni. Ni kweli, na wanaoyanyanyua kwa kuweka vipande chini ya springi nao wameyatoa magurudumu katika vipimo vyake, kwa kuyapeleka upande wa pili. Kimo chochote kinapobadilishwa, alaimenti ipimwe upya. Lakini mjue pia kwamba gari linaweza kushuka bila mtu kulikata springi. Gari dogo linalobebeshwa mifuko ya mbolea kila msimu mpaka matako yake yanakaribia ardhi, springi zake huchoka na hazirudi juu. Likiwa ni la namna ambayo kila gurudumu la nyuma lina mikono yake peke yake, matairi ya nyuma yataliwa kwa ndani vile vile. Pikapu yenye ekseli moja nzima na springi za majani haina ugonjwa huo kwa nyuma; yake ni jani kuvunjika au bolti ya kati kukatika, ekseli ikahama, gari likawa linakwenda upande upande kama mbwa.

Kila tairi limeandikwa ubavuni namba ya uzito linaoweza kuuchukua. Namba 91, kwa mfano, maana yake ni kilo 615, wala si zaidi, na hapo humo mna uzito wa gari lenyewe. Wapagazi wa nchi hii ya Unyamwezi walichukua frasila mbili hivi, yaani zaidi kidogo ya kilo 30, na waliofunga mizigo yao kwa mzega walihakikisha pande mbili zinalingana kabla ya kuweka mti begani, kwa kuwa walijua ni ngozi ya nani itakayochubuka. Siku hizi anayepakia si yeye anayechubuka, na nadhani ndiyo sababu tunapakia vibaya.

Alama nyingine nitazipitia haraka. Tairi lililoliwa kingo zote mbili na kubaki katikati lilikosa upepo. Lililoliwa katikati lilijazwa mno. Kipimo cha upepo kimebandikwa katika fremu ya mlango wa dereva, nacho hupimwa asubuhi tairi likiwa baridi. Lenye mabonde mabonde linaonyesha shokapu zimekufa, au gurudumu halikubalansiwa. Na likikwaruza kama meno ya msumeno unapopitisha kiganja upande mmoja, na kuwa laini unaporudisha upande wa pili, mwelekeo wa magurudumu umekosewa.

Nije sasa kwenye daftari, ambalo ndilo kazi yangu hasa. Barua ya yule katibu ilifutwa, na ilistahili kufutwa. Lakini hoja yangu ya ukaguzi juu yake haikufutwa, kwa sababu katika rejesta ya mali hapakuwa na namba hata moja ya tairi. Aliokolewa na mtunza ghala asiyependa kutupa vitu. Ubavuni mwa tairi, baada ya herufi DOT, kuna herufi na tarakimu, na tarakimu nne za mwisho ni juma na mwaka wa kutengenezwa. Kwa mfano, 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Mara nyingine tarakimu hizo ziko ubavu mmoja tu, basi ziandikwe kabla tairi halijafungwa. Ziandikwe katika rejesta pamoja na namba ya stakabadhi, kilometa zilizosomwa siku hiyo, na mahali tairi lilipofungwa. Kwa kuwa matairi mawili ya jozi moja huweza kuwa na tarakimu zile zile, chama kiongeze namba yake kwa rangi.

Kila mwisho wa mwezi dereva apime kina cha mifereji kwa rula ndogo, mahali patatu: ndani, katikati na nje. Tairi jipya la gari dogo huwa na milimita 8 hivi, na ndani ya mifereji mna vijituta vinavyoonyesha milimita 1.6, ambapo tairi limekwisha. Dereva akiandika ndani 4, katikati 6, nje 7, katibu asingoje mwezi wa pili. Gari liende kupimwa. Daftari lenye mistari mitatu ya namna hiyo lingalijibu swali la mkutano mkuu katika dakika moja. Matairi yabadilishane nafasi kila kilometa 8,000 hadi 10,000, na hilo nalo liandikwe. Tairi lililofunguliwa lisiondoke ghalani mpaka mkaguzi ameliona na kuandika.

Kwa wajumbe wa bodi nina neno moja kuhusu ununuzi. Gari lililotumika lisilipiwe kabla fundi asiyelipwa na muuzaji hajaingia chini yake, na ripoti yake ikaambatishwa kwenye muhtasari wa kikao. Apime kimo cha gari pembe zote nne, atazame ncha za springi kama zimekatwa, na apitishe mkono kwenye kingo za ndani za matairi manne. Kazi hiyo haimalizi saa moja.

Gari la Chama Kikuu lipo nje chini ya mti, na fundi amekwisha kufungua magurudumu mawili ya mbele. Naomba kila katibu achukue rula, apime tairi la kushoto na la kulia, na aandike tarakimu tatu kwa kila moja bila kumwuliza jirani yake. Maswali tutayachukua huko huko.