Mashina Mengi, Mzizi Mmoja

Leo nitaongea juu ya msitu ulio mbali sana na sisi, lakini mambo yake yanatuhusu.

Magharibi mwa Marekani kuna jimbo la milima liitwalo Utah. Katika msitu wa serikali wa Fishlake kuna miti iitwayo aspeni. Gome lake ni jeupe, na majani yake hutetemeka hata upepo ukiwa mdogo. Ukisimama pale utaona mashina yapata 47,000, katika hektari 43 hivi, nawe utadhani kila moja ni mti wake. Sivyo. Wataalamu walichunguza wakakuta ni mti mmoja, wenye mizizi iliyoungana chini ya udongo. Wakaupa jina la Pando, neno la Kilatini lenye maana ya "ninaenea".

Moto ukiunguza aspeni, watu wanaweza kusema msitu umekwisha. Kumbe mzizi ungali hai, na baada ya moto hutoa machipukizi mengi. Basi, moto sio unaoumaliza Pando. Shina moja huishi miaka 100 na zaidi kidogo. Ya zamani yanakufa, na machipukizi yanaliwa na kulungu na ng'ombe kabla hayajakua. Mwaka 2013 sehemu moja ilizungushiwa ua, na machipukizi yakapanda. Mwaka 2014 sehemu nyingine ilizungushiwa pia, lakini kulungu waliendelea kuingia, na mafanikio hayakuonekana.

Sasa turudi kwetu Kivu. Mwaka 1994 wakimbizi mamia ya maelfu walipofika karibu na Goma, kuni zilitafutwa katika msitu wa Virunga, nao ukakatwa sana. Mwaka uleule Unesco iliiandika mbuga hiyo katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Simlaumu mama aliyetafuta kuni. Watoto wakilia njaa, sufuria lazima iwekwe motoni. Lakini mwenyeji akikuta mti wake umekatwa, na mgeni akifukuzwa kwa panga, ugomvi wa kuni hugeuka ugomvi wa kabila.

Mimi nilisomea sheria chuo kikuu. Nawaambia wazi: sheria iliyoandikwa Kinshasa ni ua wenye matundu, kama wanaoishi kando ya msitu hawakupatana.

Kwa hiyo, wakuu wa vijiji, witeni kamati ya kambi. Wakae pamoja na wanawake wanaochota kuni, maana wao ndio wanaojua njia. Mpatane: kuni kavu zitaokotwa wapi? Kilima gani kitaachwa kipumzike? Nani atapanda miche, na mti ukikua utakuwa wa nani? Nani atasikiliza mashitaka kabla mtu hajashika panga? Mkishapatana, yasomwe mbele ya watu wote, wenyeji na wageni.

Vita vimetuunguza, ndugu zangu, lakini mzizi ungali hai. Kazi yetu ni kulinda machipukizi, yale ya msituni na yale tunayoyabeba mgongoni.